Mchango Bila Daftari

Ujumbe uliingia alfajiri, nikiwa jikoni namfungia mume wangu chakula cha kazini. "Shabiki mwenzetu," ulianza, kisha kwa maneno ya kubembeleza ukanieleza kwamba kwa dola 25 tu kwa mwezi ningeweza kusaidia vijana wetu wa timu ya kikapu ya chuo wabaki Lexington, wasinyakuliwe na vyuo vyenye mifuko minene zaidi. Chini palikuwa na kitufe cha buluu. Nikatafuta jina la mweka hazina. Hapakuwa na jina.

Nilicheka mwenyewe. Mimi ndiye mweka hazina wa umoja wetu hapa Lexington, Kentucky, huu mwaka wa sita. Wanachama ni watu wa Uvira, Bukavu na Kalemie kule Kongo, sisi wachache wa Kigoma, na Warundi wawili watatu walioingia kwa njia ya ndoa. Kiswahili tunacho sote, kila mmoja na cha kwao. Daftari langu lina kurasa za misiba, za harusi, za watoto waliozaliwa, na ukurasa mmoja wa jirani aliyeunguliwa na gari. Ukija kuniomba mchango, umekuja kwa fundi.

Nikaufuta. Miezi mitatu baadaye, nikipitia taarifa ya benki, nikaona dola 25 zimetoka. Mwezi wa nyuma yake, 25. Na ule wa nyuma zaidi. Mume wangu alikuwa amepata ujumbe uleule, na yeye hakucheka.

Kwa asiyeujua mji huu: timu ya kikapu ya wanaume ya University of Kentucky ina mataji 8 ya taifa, na siku ya mechi hata daktari wa meno huvaa buluu. Jimbo zima halina timu ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya kikapu, kwa hiyo mapenzi yote ya watu wazima yanamiminwa kwa wanafunzi wa miaka 19. Ukumbi wa Rupp Arena unachukua zaidi ya watu 20,000. Mimi mechi nyingi nimezionea nyuma ya mashine ya bisi. Kwenye kumbi nyingi za Marekani vikundi vya makanisa na shule huuza vyakula siku ya mchezo, halafu sehemu ya mauzo inaingia kwenye mfuko wa kikundi. Wanakwaya wetu wamenunua kinanda kwa njia hiyo. Kwa hiyo nimekaa miaka nikimuuzia bisi mtu aliyelipa tiketi ya bei ya kodi yangu ya nusu mwezi, huku vijana kumi wakikimbia kule chini, na wakati ule wale kumi ndio pekee ndani ya jengo lile waliokatazwa kuondoka na senti ya mchezo ule.

Nilisema hivyo siku moja kwenye kikao cha umoja na mzee mmoja akaniruka. "Wanasomeshwa bure, mama. Wanalishwa. Wanataka nini tena?" Nilimjibu kwa fainali ya Aprili 2014, ambayo kila mtu hapa anaikumbuka kwa sababu tulifungwa, 60 kwa 54, na chuo cha Connecticut. Nyota wa wale waliotufunga, Shabazz Napier, aliwaambia waandishi katika siku zilezile kwamba kuna usiku anaolala na njaa. Nyota wa mchezo ambao televisheni zinaulipia mabilioni. Ndani ya muda mfupi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaruhusu vyuo vitoe chakula bila kikomo. Chakula! Mpaka hapo hata sahani ilikuwa na sheria yake.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni habari ya mjane mmoja. Mwaka 1955 kijana aliyeitwa Ray Dennison, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, aliumia kichwa mchezoni akafa. Mkewe akaomba fidia ile anayolipwa mjane wa mtu aliyefia kazini. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema mwaka 1957 kwamba hapana, chuo hakikuwa kwenye biashara ya futiboli. Ni miaka hiyohiyo NCAA ilipoanza kusisitiza kila mahali jina la "mwanafunzi-mwanamichezo". Aliyekuwa mkuu wa chama wakati ule, Walter Byers, alikuja kukiri uzeeni kwamba jina hilo lilibuniwa kuwakinga na madai kama yale. Mimi naandika kurasa za misiba. Najua mjane anapoulizwa "marehemu alikuwa nani kwenu?" jibu lina bei. Wao walitunga neno ili jibu liwe sifuri.

Haikuwa kwamba hela haikupita. Ilipita chini ya meza, na mji wetu unayo hadithi yake. Mwaka 1988 bahasha iliyotumwa kutoka ofisi ya kikapu ya Kentucky kwenda kwa baba wa mchezaji aliyekuwa akiwindwa ilifunguka mikononi mwa wafanyakazi wa kampuni ya vifurushi, na inasemekana ndani yake mlikuwa na dola 1,000. Kesi ikavuta mengine mengi, na mwaka 1989 timu ikafungiwa mashindano ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili. Wazee wa hapa bado wanaisimulia kwa sauti ya chini, kama msiba wa ukoo. Dola 1,000. Leo kiasi hicho tungekiita kianzio.

Mlango ulifunguka 2021. Mwezi Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya Alston, iliyofunguliwa na wachezaji wa zamani, kwa majaji 9 dhidi ya sifuri, ikiiambia NCAA kwamba haiko juu ya sheria za ushindani wa biashara. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wanafunzi wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao: tangazo la gari, jezi, saini kwenye mpira. Nilifurahi. Mtu na uso wake, nani mwenye haki nao kuliko yeye? Ila matangazo ya magari hayatoshi kumvuta kijana kutoka chuo hiki kwenda kile. Ndipo yakazuka makundi yanayoitwa kolektivu: matajiri wa mji wanatangulia, kisha wanageukia sisi wengine na kitufe cha buluu. Kwenye karatasi unamlipia mchezaji kutokea kwenye hafla au kurekodi salamu. Kila mtu anajua unamlipia nini.

Sasa nirudi nyumbani kwangu, kwenye ile taarifa ya benki.

"Kutoa ni moyo, mama," mume wangu alisema, hata aibu hana.

"Mchango ndio unatolewa kwa moyo. Mshahara unatolewa tarehe thelathini."

Akanyamaza. Kisha akalitaja jina nililojua atalitaja: Oscar.

Msimu wa 2021/22 Kentucky ilichezesha kijana aliyezaliwa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe. Alikuja Marekani akiwa bado kijana wa sekondari, akapitia chuo cha West Virginia, kisha akatua kwetu. Mwili wa mbeba mizigo wa bandarini na tabasamu la mtoto wa kipaimara. Msimu ule alikusanya wastani wa ribaundi 15.1 kwa mchezo, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, na Desemba, dhidi ya Western Kentucky, alizikusanya 28 usiku mmoja. Akatwaa tuzo za mchezaji bora wa taifa. Sebuleni kwetu palikuwa na wanaume wanane, mume wangu amesimama mbele ya televisheni akipiga kelele, "Ule ni mutoto ya kwetu!" na hakuna aliyemkumbusha kwamba kutoka Uvira hadi Lubumbashi ni safari ya siku kadhaa. Wanawake waliokuja nchi hii na mifuko miwili ya plastiki walijifunza maana ya neno ribaundi kwa sababu yake. Machi 2022 tukatolewa na Saint Peter's, chuo ambacho hakuna mtu sebuleni aliyewahi kukisikia, na kuna aliyelia machozi kabisa.

Oscar angeitisha harambee siku ile, daftari langu lingejaa kabla wali haujaiva. Na hapo ndipo pana kichekesho. Katika wachezaji wote wa Kentucky, yeye ndiye ambaye fedha za jina na sura zilikuwa ngumu kumfikia. Alikuwa na visa ya mwanafunzi, ileile waliyonayo vijana kadhaa wa umoja wetu, na visa hiyo inakubana: kazi ndogo za ndani ya chuo, saa zenye kikomo, basi. Wenzake waliozaliwa hapa walikuwa wakisaini mikataba, yeye mchezaji bora wa nchi nzima akiogopa kuvunja masharti ya kukaa kwake. Agosti 2022 timu ilipokwenda visiwa vya Bahamas kwa mechi za maandalizi, ikawa nafasi ya kumfanyia Oscar kazi zake za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mtoto wa Lubumbashi anavuka bahari kwenda kulipwa kwa uso wake, halafu anarudi darasani. Mtu wa uhamiaji atakwambia yote yalikuwa sawa kisheria. Mimi nasema tu kwamba mwaka ambao mume wangu angetoa dola 25 kwa moyo mweupe, sheria ilimtaka mpokeaji apande ndege kwanza.

Dola alizotoa hatimaye hazikwenda kwa Oscar. Alipobonyeza kitufe, Oscar alikuwa ameshakwenda NBA. Nilimuuliza: zimekwenda kwa nani? Hajui. Kwa kazi gani? Hajui. Kiasi gani kimekusanywa? Kimya.

Kwetu mchango una adabu zake, nami nimezijifunza kwa kusutwa. Kwanza aliyefikwa anajulikana, amekaa pale, umempa mkono. Pili, jina lako linasomwa mbele ya watu, na lisiposomwa unauliza. Tatu, mchango ni deni linalozunguka: leo nakubeba wewe, kesho mama yangu akianguka Kigoma utanibeba mimi. Ndiyo maana mtu anayelipwa dola 17 kwa saa ghalani anaweza kutoa 100 kwenye msiba wa mtu asiyempenda sana. Anaweka akiba kwa jirani. Ukitoa hayo matatu, kinachobaki ni makato.

Baba yangu alikuwa mwana Yanga wa kufa na kuzikwa, kwa hiyo najua pia mchango wa shabiki. Yanga ilipokaukiwa msimu wa 2018/19, wachezaji wakidai mishahara, kocha Mwinyi Zahera mwenyewe alisimama kuwahamasisha wanachama na mashabiki wachange. Binamu zangu walituma kwa simu, elfu mbili, elfu tano. Sikuwacheka wala siwacheki leo. Yanga ni klabu ya wanachama, ina kadi, ina mkutano mkuu ambapo mtu wa elfu mbili anaweza kusimama akamtolea macho mwenyekiti. Nyumba ikivuja, wenye nyumba wanaezeka.

Lakini nyumba hii ya Kentucky haikuwa inavuja. Kocha wetu wa wakati ule, John Calipari, alikuwa amesaini mwaka 2019 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 86. Mkataba wa televisheni wa mashindano ya Machi ya kikapu cha vyuo, ule wa miaka 8 hadi 2032, ni wa dola bilioni 8.8. Mwaka 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha wake wa futiboli huku ikijua inadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za kumwambia aende. Kulipwa milioni 75 usifanye kazi! Watu wenye uwezo huo wanaponiandikia mimi, muuza bisi, kwamba vijana wasipopewa dola 25 zangu wataondoka, najisikia kama mpangaji anayeombwa na mwenye nyumba amsaidie kumlipa mlinzi.

Hata serikali imeliona hilo. Juni 2023 mamlaka ya kodi, IRS, ilitoa waraka ikisema kwamba mengi ya makundi haya hayastahili msamaha wa kodi wa mashirika ya hisani, maana manufaa yake yanakwenda kwa wachezaji binafsi. Nilimsomea mume wangu. Akasema IRS nao hawapendi michezo.

Na mshahara unaotegemea bakuli unamuumiza hata kijana. Jaden Rashada, mchezaji wa futiboli, akiwa bado sekondari mwaka 2022, alisaini mkataba wa dola milioni 13.85 na kundi la wafuasi wa chuo cha Florida. Mkataba ukavunjika, akaomba aachiwe, na mwaka 2024 akaenda mahakamani. Mwaka huohuo, Septemba, Matthew Sluka, naye wa futiboli, aliiacha UNLV, chuo cha Las Vegas, baada ya mechi tatu, zote wameshinda, upande wake ukisema aliahidiwa dola 100,000 na hakuziona. Upande wa pili ukasema hakukuwa na makubaliano rasmi. Nani mkweli, mimi sijui kuhukumu. Najua tu kwamba ahadi ya mdomo bila daftari huishia hivyo hata kwenye harusi za kwetu, na huko ni sufuria tu zinazogombewa.

Mume wangu ana hoja moja ambayo sijaweza kuizima, na nitaiweka hapa ili nisionekane nimejipendelea. Anasema: mabosi walikataa kulipa kwa miaka zaidi ya mia. Mashabiki wasingeanza kutoa, hata kwa vurugu hii, wangelazimika kulipa lini? Aibu ya kuona fundi wa mabomba anamlipa mchezaji ndiyo iliyowasukuma. Inawezekana kweli. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa zamani, na kuanzia Julai 1 mwaka huo vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kentucky ilishajiandaa, Aprili 2025 bodi ya chuo ilikubali idara ya michezo iwe kampuni yake yenyewe, inaitwa Champions Blue. Kampuni, kwa jina lake! Karibu miaka sabini baada ya mjane wa Colorado kuambiwa hakuna biashara.

Nikamwambia, basi, umeshinda, funga kitufe. Chuo kimeanza kulipa.

Ujumbe haukukoma, ulibadilisha nguo tu. Sasa kikomo kile cha malipo ya chuo kinaitwa kizingiti, na shabiki anaombwa kusaidia timu ipite juu yake kwa mikataba ya nje, ambayo ikizidi dola 600 inapaswa kukaguliwa kama ni biashara ya kweli. Majirani zetu wa Tennessee hawakuhangaika na ujumbe: Septemba 2024 walitangaza kwamba tiketi za futiboli za msimu wa 2025 zitaongezwa asilimia 10, wakaiita ada ya vipaji. Ukweli naipenda zaidi hiyo. Angalau imeandikwa kwenye risiti.

Mimi nikitaka kumpa mchezaji hela, nanunua kitu chake. Mwaka juzi binti yangu alinunuliwa fulana ya mchezaji wa timu ya wanawake, jina mgongoni, na yule dada akaisaini palepale, akamuuliza anasoma darasa la ngapi. Dola 35, na najua zilikokwenda. Makundi yale, kwa kadiri ninavyoona, yanamimina karibu chote kwenye futiboli na kikapu cha wanaume. Wanawake wanaambiwa wavumilie.

Hatukugombana zaidi ya hapo. Mume wangu anafanya kazi usiku, hanywi, havuti, na mwezi wa pili mwaka huu alitoa 200 kwenye msiba wa Kalemie bila kuulizwa. Mtu ana haki ya ujinga mmoja. Ila nilimwambia kitu kimoja: nyumba hii haitoi mchango usioandikwa. Nikafungua daftari, si la umoja, la kwangu la nyumbani, nikapiga mistari kama kawaida: tarehe, mtoaji, kiasi, sababu, saini ya mpokeaji.

Kila mwezi naandika. Baba watoto, dola 25, kikapu. Safu ya mwisho iko wazi hadi leo, na yeye akipita mezani huangalia pembeni.